Kutoka Ujiji hadi Churchgate: safari ya kuufuata msalaba wa soko la Bolton

Nimerudi nyumbani wiki tatu sasa, na daftari langu limekauka. Lililowa Bolton, kurasa za mwanzo zimegandana, kwa hiyo mengine nimeyafufua kutoka kwenye picha za simu. Ziko 412, karibu nusu ni za vibao. Ualimu hautoki mwilini.

Chanzo cha safari ni picha moja. Mpwa wangu ni muuguzi Bolton, mji wa viwanda wa zamani karibu na Manchester, na kwa miaka mitatu alikuwa akiniambia, "Mjomba, njoo." Nikawa naahirisha. Mwaka jana akanitumia picha ya msalaba wa mawe katikati ya barabara, na chini yake ameandika: "Mjomba, hapa ndipo walipomkata kichwa Stanley."

Mtu wa Ujiji ukimwambia habari hiyo, hatalala. Sisi tumekua chini ya kumbukumbu ya Stanley na Livingstone, waliokutana kwetu chini ya mwembe mwaka 1871. Nilimpigia usiku uleule. Akacheka mpaka akakohoa. "Si huyo wenu, Mjomba. Stanley mwingine." Lakini nilikuwa nimeshanasa. Nimefundisha Mapinduzi ya Viwanda sekondari kwa miaka 31, nikichora mashine za Lancashire, jimbo la kale la Bolton, ubaoni kwa chaki, na sijawahi kuliona hata dohani moja la kiwanda cha pamba.

Jumatano 8 hadi Jumamosi 11 Oktoba: Ujiji, Dodoma, Dar, Ghuba, Manchester

Basi la Kigoma hadi Dodoma sina la kulisimulia zaidi ya magoti. Dodoma nilipanda treni ya umeme hadi Dar kwa shilingi 31,000, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilifika Dar bila vumbi kwenye kope.

Kwa watakaofuata: mwaka 2025 viza ya matembezi ya miezi sita ilikuwa paundi 127. Paundi moja ilikuwa ikinikata kama shilingi 3,300, kwa hiyo niliweka pembeni laki nne na ishirini, na hapo sijaongeza gharama za kituo cha maombi. Barua ya mwaliko peke yake haitoshi. Wanataka waone una sababu ya kurudi. Mimi niliambatisha hati ya pensheni na ya shamba la michikichi.

Ndege ya kuunganisha ilichelewa saa nne katika uwanja mmoja wa Ghuba. Nilikuwa nanung'unika kwenye simu kwa Kiswahili, mara dada mmoja wa usafi akasimamisha mopu yake: "Mzee, umetoka wapi?" Mkisii. Aliniletea maji, akanionyesha chumba cha swala, akarudi baadaye kuniamsha geti lilipobadilishwa. Jina lake sikuliuliza, na hilo linanikera mpaka leo.

Kwenye begi nilikuwa na kilo mbili za dagaa. Nyama na maziwa kutoka kwetu huruhusiwi kuingiza Uingereza. Samaki wakavu wa kula nyumbani wanaruhusiwa. Ila wafunge vizuri. Ofisa wa forodha alinusa, akaangalia, akaniambia nipite haraka kuliko nilivyotarajia.

Treni za kwenda Bolton zinaanzia hapohapo uwanjani. Ya kwanza ilifutwa, ya pili ilijaa, ya tatu tukapata. Kata tiketi kabla ya kupanda. Na usishuke ukisikia Deansgate: hiyo ni stesheni ya Manchester. Bolton pia wana barabara ya jina hilo, ndiyo maana nilikuwa nimeshasimama na begi mkononi mpwa wangu aliponivuta koti.

Jumapili nililala.

Jumatatu 13 Oktoba: Churchgate

Mpwa wangu alitoka zamu ya usiku asubuhi, akanichorea ramani nyuma ya risiti, akaenda kulala. Jua huko mwezi wa kumi linatoka saa moja na nusu, tena bila bidii. Nilishuka mjini kwa basi la njano. Nauli ilikuwa paundi 2 kwa safari moja. Unagusa kadi ya benki, humwoni konda.

Churchgate si lango la kanisa kama nilivyodhani. "Gate" katika majina ya barabara za kaskazini ni neno la kale la watu wa Skandinavia, maana yake njia. Ni njia ya kanisani basi, na kweli, ukisimama upande mmoja unaliona kanisa la Mtakatifu Petro limefunga mwisho wa mtaa kwa mnara wake mrefu. Upande wa pili njia nne zinakutana: Churchgate, Deansgate, Bank Street na Bradshawgate. Hapo ndipo soko lilipokuwa, na hapo ndipo msalaba ulipo.

Ngazi za mawe, nguzo nyembamba, msalaba juu. Chini vibao vya shaba vyenye historia ya mji. Hauna ukubwa wa kutisha. Njiwa walikuwa wamekaa juu yake, na kijana mmoja alikuwa kwenye ngazi akila kitafunwa kiitwacho pasti huku amefumba macho.

Kabla sijasoma kibao, niliwaza jinsi nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi jambo hili bila kulielewa. Katika miji ya Uingereza ya kale hukuweza tu kutandika mkeka ukaanza kuuza. Soko lilikuwa haki, na haki ilitolewa na mfalme. Bolton walipewa hati yao na Mfalme Henry wa Tatu mwaka 1251. Msalaba ulisimama sokoni kuwaambia wote kwamba hapa ni soko halali, na mtu anayekula kiapo cha bei anakula mbele ya Mungu. Tangazo likija, linasomwa pale. Sisi tulisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wao mbiu yao ilikuwa na anwani.

Kisha nikasoma mwaka. Msalaba huu ulijengwa 1909.

Nilikaa kwenye ngazi kando ya yule kijana. Ule wa kale uliondolewa mwaka 1786, na kwa zaidi ya karne hapakuwa na kitu. Huu nilioufuata kwa mabasi na ndege umeizidi meli yetu ya Liemba miaka minne tu! Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 na mimi nimeipanda mara nyingi kwenda Kasanga, hakuna aliyenitoza viza.

Nadhani sura yangu ilisema kitu, kwa sababu kijana alifumbua macho akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nimetoka Tanzania kuja kuona msalaba wa kale, nimekuta mpya. Akautazama kama anauona kwa mara ya kwanza. "Mimi nilidhani ni wa zamani," akasema. Akaingia kwenye duka la pasti lililo mtaa uleule, akarudi na moja ya jibini na vitunguu kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeuliza kuhusu nyama, akaelewa bila kuelezwa. Duka hilo linajitangaza kuwa lipo tangu 1667. Pasti ni ndugu wa sambusa aliyenenepa: unga mzito, moto sana katikati, hauna pilipili hata ya kuapia. Shikilia kwa karatasi, usiume kwa pupa.

Jumanne 14 Oktoba: Crompton, na mvua

Siku ya Nyerere. Nyumbani mapumziko, Bolton mvua.

Nilitaka kuona Hall i' th' Wood, nyumba ya kale ya mbao na mawe ambako Samuel Crompton aliishi na kuunda mashine yake ya kusokota uzi mwaka 1779. Kosa langu: sikuangalia siku za kufungua. Nilizunguka nje, nikapiga picha za madirisha. Ninyi angalieni kwanza, kisha mpande treni. Stesheni ina jina la nyumba hiyohiyo.

Hata kwa nje nilipata nilichokifuata. Mashine zilizotangulia zilitoa ama uzi mgumu ama uzi dhaifu. Ya Crompton iliunganisha mbinu mbili, ndiyo maana ikaitwa nyumbu, mtoto wa punda na farasi, na ikatoa uzi mwembamba na imara kwa pamoja. Hakuisajili. Watu walikuwa wakichungulia, mwishowe akaitoa siri yake hadharani kwa ahadi ya mchango, akaambulia kama paundi 60. Mwaka 1812, wakati mamilioni ya vijiti vya kusokotea vilikuwa vikizunguka kwa akili yake, Bunge lilimpa paundi 5,000, nazo zikamponyoka kwenye biashara. Alikufa 1827. Sanamu yake iko katikati ya mji tangu 1862. Heshima ilifika akiwa ameshazikwa miaka 35, na mjini niliona vijana wakiitumia kama mahali pa kungojeana.

Nyumba hiyo iliokolewa na William Lever, mzaliwa wa Bolton, tajiri wa sabuni ya Sunlight, akaikabidhi mji. Wasomaji wa Kongo watalijua jina kwa upande mwingine: tangu 1911 kampuni yake ilikuwa na mashamba ya mawese kule, na kazi ya shuruti iliyofuata imeandikwa sana. Mimi mtu wa michikichi nilisimama kwenye mvua nikiwaza wanaokamua mafuta na wanaopewa bustani zenye majina yao.

Ni hapo, kwenye kituo cha basi, nilipofunguliwa mwavuli. Mzee wa Kihindi, zaidi ya miaka 80, kofia ya sufu. Nilikuwa namwambia mpwa wangu kwenye simu "nimelowa chapachapa". Nilipokata, mzee akasema polepole, kama anayefungua kabati la zamani: "Chapachapa. Hiyo neno sijasikia miaka mingi."

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, bwana. Wewe natoka wapi?"

Alizaliwa Jinja. Baba yake alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Busoga, na Kiswahili alijifunza kwa wafanyakazi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90, alifika Uingereza na sanduku moja, na shemeji yake aliyekuwa Bolton akampatia kazi ya usiku kiwandani. Kiwanda cha nini? "Pamba, bwana. Kule natoa mbegu, hapa nasokota uzi. Pamba inanifuata." Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, yeye akafungua duka la magazeti.

Tulipanda basi moja. Aliposhuka aliniambia Ijumaa jioni nikale kwake, na anwani akaiandika mwenyewe kwenye daftari langu lililolowa.

Jumatano 15 Oktoba: siku ya Stanley

Nilipanga tarehe kusudi. James Stanley, Earl (cheo cha kikabaila) wa 7 wa Derby, alikatwa kichwa hapa Churchgate tarehe 15 Oktoba 1651, miaka 374 kabla ya siku niliyosimama pale na koti la mpwa wangu.

Kwa nini Bolton? Vita vya Mfalme na Bunge vilipozuka, mji huu wa Wakristo wa msimamo mkali uliegemea Bunge. Waliuita Geneva ya Kaskazini, kwa jina la mji wa Uswisi uliokuwa ngome ya Waprotestanti. Tarehe 28 Mei 1644 jeshi la mfalme chini ya Prince Rupert, Stanley akiwemo, lilivunja ulinzi na kuingia. Waandishi wa upande wa Bunge walidai waliouawa walifika 1,600. Wanahistoria wa leo wanaona hesabu hiyo imenenepeshwa, ila kwamba watu walichinjwa mitaani hakuna anayebisha. Stanley alikamatwa baada ya kushindwa kwa upande wake Worcester mwaka 1651, akahukumiwa Chester, na hukumu ikaletwa kutekelezwa hapahapa, mbele ya waliofiwa. Mwili na kichwa vilizikwa kanisani Ormskirk, kila kimoja na sanduku lake.

Nilidhani kutakuwa na shada, hata moja. Hakukuwa na kitu. Lori la bia lilikuwa likishusha mapipa.

Mapipa yalikuwa ya Ye Olde Man & Scythe, baa inayojinasibisha na mwaka 1251 na kujengwa upya 1636. Mimi si mtu wa baa. Nilisimama mlangoni nikijishauri, mhudumu akaniita ndani, akasema chai anayo. Dari linagusa kofia. Pale kipo kiti cha mbao chenye maandishi kwamba Earl alikikalia kabla ya kupelekwa kuuawa. Nilimuuliza mhudumu kama ni kweli. "Kiti ni kikuukuu," alinijibu, akaishia hapo.

Mteja mmoja aliyekuwa na bia ya asubuhi alinipa ya ziada bila kuombwa. Mkataji kichwa, alisema, alikuwa George Whewell, mkulima ambaye familia yake iliuawa mwaka 1644, na fuvu lake liko kwenye rafu ya baa nyingine huko mlimani Affetside. Ukilihamisha, balaa. Simulizi ya fuvu nimeikuta kwa watu wengi. Kuisadiki ni juu yako.

Nilimweleza mimi ni mtu wa Ujiji, na kwamba Stanley wetu jina la ukoo aliliokota Marekani, kwao aliitwa John Rowlands. Akafikiri. "Kwa hiyo hata Stanley wenu ni wa kuigiza?" Chai aliilipa yeye.

Alhamisi 16 Oktoba: kaburi la bandia na njegere nyeusi

Makumbusho ya Bolton ni bure. Usishangae kukuta Misri nzima ndani: viwanda vya hapa vilisokota pamba ya Misri kwa wingi, na Annie Barlow, binti wa mwenye kiwanda, alichangisha fedha za uchimbuaji, vitu vikaja Bolton. Chumba kinachovuta watu ni kaburi la Farao Thutmose wa Tatu. Ni nakala, na wanakuambia ni nakala. Watoto wa shule walinong'ona ndani yake kama wamo kaburini kweli.

Mpwa wangu akaniongezea kisa kinachowachekesha wenyeji. Mwaka 2003 makumbusho ilinunua kwa kama paundi 440,000 sanamu ya binti wa kifalme wa Amarna, Misri ya kale, iliyodhaniwa kuwa mali ya zaidi ya miaka 3,000. Baadaye polisi wakagundua ilichongwa Bolton hukohuko, na fundi aliyekuwa na kibanda uani. Alifungwa 2007.

Kutoka hapo ni dakika chache kwa mguu hadi soko la Ashburner Street, lililofunguliwa 1932. Angalia siku zake kabla ya kwenda. Nilikuta sato, muhogo, ndizi mbichi, na kikombe cha njegere nyeusi zilizochemshwa mpaka zikalegea, zinazoliwa kwa kijiko na siki. Nilitia kinywani nikitarajia mbaazi za nazi. Siki ikanipiga puani. Mama muuzaji alicheka, akaniongezea chumvi, akanisimamia mpaka nikamaliza. Kikombe cha pili nilikiomba mwenyewe.

Ijumaa 17 Oktoba: kwa mzee

Niliswali Ijumaa kwenye msikiti uliojaa hadi kwenye ngazi, kisha jioni nikaenda kwa mzee na zawadi: dagaa wa Kigoma, nusu kilo, nimewafunga vizuri kwa gazeti. Mlango ulipofunguliwa nikaona picha za miungu ukutani, na hapo tu ndipo akili ikanirudia. Wahindu. Huenda hawali samaki wala nyama.

Mzee alishika furushi, akalinusa, machozi yakamjaa kwa kicheko. "Mama yangu alikuwa akifunga dirisha kwa harufu hii. Weka nje, bwana, weka kwa baraza!" Mkewe alinisamehe kwa sahani iliyojaa kitu alichokiita mogo. Niliposema kwetu ni muhogo, wajukuu wakashtuka. Wao walidhani mogo ni Kigujarati tangu asili. Tukaanza kuhesabu maneno jikoni: sufuria, kisu, fagio. Bibi akawa ananyooshea kidole, mimi natamka.

Nilimwambia mzee jinsi msalaba ulivyoniangusha. Alisikiliza. Alipofika 1972, alisema, kituo chake cha kwanza cha kukutana na shemeji yake kilikuwa pale, kwa sababu ndiyo anwani pekee aliyoweza kuitamka. Mwaka wa kujengwa hakuwahi kuuliza.

"Na mwembe wenu, wa Stanley na Livingstone, bado iko?"

Nikamweleza: ule wa 1871 ulishakufa. Kibao chenyewe kinakiri kwamba mwembe ulikuwepo hapa wakati ule. Iliyopo sasa inasemekana ni vikonyo vyake.

"Embe yake tamu?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Miaka yote, makundi ya wanafunzi niliyoyapeleka pale, na sikuwahi kuonja.

Ujiji, Novemba

Kurudi kulikwenda bila kisa isipokuwa begi lililofika Dar siku mbili baada yangu. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone. Mtunzaji ni mwanafunzi wangu wa zamani. "Mwalimu, leo huna wageni?" Nikamwambia nimekuja kutafuta embe. Tukazunguka chini ya miti, akapata moja lililodondoka usiku, halijaguswa na ndege. Nililila palepale, nimeinama ili maji yasinidondokee kwenye shati.

Usiku nikampigia mzee kwa video. Alikuwa amevaa kofia yake ya sufu ndani ya nyumba.

"Haya, bwana mwalimu. Tamu?"

"Tamu, mzee. Ila ina nyuzi, mpaka sasa natoa kwenye meno."